Posa Kabla ya Mtihani

Umeme ulirudi Kilindoni saa tano asubuhi ya Jumamosi, na mji mzima ukakumbuka kwamba una karatasi za kuchapisha. Steshenari ya Bwana Jumanne, chumba kimoja kando ya soko, ilifurika hadi barazani: walimu na mitihani yao, mabwana harusi watarajiwa na kadi za mwaliko, wavuvi waliotaka nakala za leseni. Ndani kulinuka wino wa moto, jasho, na udi wa mabuibui yaliyotoka kabatini.

Mwatima alisimama katikati ya msongamano huo akigongagonga kiganja chake kwa ufunguo. Mtandio wake wa zambarau uliteleza kila alipogeuka kutazama saa ya ukutani. Nyumbani Miburani alikuwa amemwacha mama yake, Bi Mwanahalima, ambaye kiharusi kilimlemaza upande wa kulia, na wa kumtazama alikuwa Nusra tu, bintiye Mwatima, mtoto wa darasa la pili. Baba yake Nusra alikwisha toa talaka na kuoa kwingine.

"Dada," sauti ya kiume ilisema nyuma yake, "ukiendelea hivyo na huo ufunguo utafungua ukuta."

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililokunjwa mikono, kofia ya kiua imelala upande, vidole vina weusi wa grisi.

"Nikiufungua, nitatoka. Wewe utabaki kwenye foleni."

"Basi nitapita hapohapo, nyuma yako."

Watu wakacheka. Mwatima alijizuia asicheke, akashindwa. Jumanne akamrushia bahasha juu ya vichwa vya watu, naye akaondoka karibu mbio.

Alipoifungua nyumbani, alikuta si karatasi zake, bali picha za propela na bei za plagi. Kabla hajajua la kufanya, simu ikaita; sauti ilikuwa ya yule kijana wa foleni.

"Assalam alaykum. Samahani, wewe ndiye mwenye uzembe?"

"Wa alaykumu s-salaam. Nani mzembe? Wewe nani?"

"Usinifokee, dada. Karatasi zimeandikwa hapa juu, kwa herufi kubwa: UZEMBE. Na chini yake namba hii."

Mwatima akaangua kicheko mpaka mama yake akageuza shingo kitandani. Alikuwa akisoma shahada ya sheria kwa masafa, akiwa nyumbani, mwaka wa tatu, huku mchana akiwa karani wa masjala kwenye ofisi moja ya serikali pale mjini. Vitabu vyote vilikuwa vya Kiingereza. Kila kesi aliiandika upya kwa Kiswahili chake mwenyewe, na mada ya wiki hiyo ilikuwa uzembe.

"Nimesoma kurasa zote," yule kijana alisema. "Kumbe nahodha akizidisha mzigo, shehena ikalowa, anashtakiwa! Sasa niambie: kama mashine ilizima kwa sababu ya plagi mbovu niliyomuuzia mimi?"

Swali hilo Mwatima hakuwa amejiuliza.

"Uliijua kuwa mbovu?"

"Tuseme sikuijua, lakini ningeikagua ningejua."

"Basi na wewe umo kesini, kaka."

"Zahor. Nishtaki kwa jina langu."

Ndivyo yalivyoanza. Zahor alikuwa na duka la vipuri vya mashine za boti karibu na bandari. Kwao walikuwa wafanyabiashara wenye mashamba ya minazi na babu aliyetoka Oman, na jina lao lilijulikana mpaka kisiwa cha Jibondo. Lakini kwenye simu alikuwa mtu wa maswali tu. Kila siku, ofisi ikifunga kwa chakula cha mchana, Mwatima alikaa nyuma ya jengo na sahani ya wali wa nazi mapajani, kitabu kikiwa kimefungwa, akampigia.

"Leo nini, hakimu wangu?"

"Ushahidi. Na usiniite hakimu, bado."

"Haya, nifundishe. Nikielewa mimi muuza plagi, jua umeelewa wewe."

Akamweleza. Akikwama, Zahor hakumsaidia. Alingoja, akisikika anakuna kidevu. Pale alipokwama ndipo Mwatima alipoweka alama, na jioni alisoma hapo tu. Zamani alikuwa akisoma sura nzima mara tatu huku anakoroga chungu, na kesho yake kichwani hamna kitu. Sasa alisoma kidogo na kilikaa. Alfajiri baada ya sala, kabla Nusra hajaamka, aliandika majibu kwa kukumbuka. Alama zake zikapanda.

Na yeye akapanda nazo. Alianza kupaka wanja kwenda kazini. Ijumaa moja Zahor alileta samaki wa kupaka hadi mlangoni, akamsalimu Bi Mwanahalima kwa adabu kutoka barazani. "Shikamoo, mama." Mama akajibu kwa ulimi mzito, "Marahaba, mwenye maswali," kwani siku za mapumziko maongezi yote yalipita masikioni mwake.

"Mwatima," Zahor alimwambia siku ile alipomsindikiza hadi njiani, "umekonda. Macho yako yamechoka."

"Macho yangu yanasoma."

"Mimi nataka siku moja yapumzike."

Neno hilo lilimwingia tamu. Hakujua litakakofika.

Mwezi mmoja kabla ya mitihani, ami yake, Muhidini, alimpigia simu kazini: aje upesi, kuna wageni. Mwatima alifika na vumbi la njia kwenye viatu. Ukumbini kwa ami kulikuwa na sinia la halua, na Bi Bimkubwa, mama yake Zahor, amekaa mkao wa mwenye haki, buibui la hariri, bangili za dhahabu zikilia kila alipoinua kikombe.

"Huyu ndiye? Mashallah. Mwanangu kaniambia yote. Kaniambia binti amechoka, anataka apumzike. Kwetu atapumzika. Kazi ataacha, na hayo mavitabu ataweka. Mama yake tutamtafutia mtu."

Mwatima alilirudia neno moja moyoni: *Kaniambia yote.* Alifungua mdomo, neno halikutoka. Alitazama mazulia.

"Kanyamaza," ami akasema kwa furaha. "Basi keshakubali. Tusome Fatiha, posa imepita."

Mikono ikainuliwa. Mwatima akatoka nje na kumpigia Zahor. Simu haikupatikana, alikuwa baharini, anatoka Dar na vipuri. Akamwandikia: *Kumbe ulikuwa unanisikiliza ili ujue pa kunifungia. Usinipigie tena.* Kisha akaizuia namba yake.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Chakula cha mchana alikula amesimama. Alisoma sura nzima tena na tena, akatembea uani huku anasoma, akaunguza wali, akamfokea Nusra kwa daftari lililodondoka, kisha akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Zahor alikuja barazani mara mbili; mara zote alimtuma Nusra aseme mama yuko msalani.

"Atakuwa anaumwa tumbo sana," Zahor alimjibu mtoto kwa unyonge, akaondoka.

Siku moja, akimgeuza mama yake kitandani, Mwatima alianza kumweleza mkataba unavyovunjika. Bi Mwanahalima alimsikiliza kidogo, akafumba macho.

"Mwanangu, mimi... sina hamu na mikataba yenu. Mpigie yule."

"Yule ndiye aliyemtuma mama yake anizime, mama."

"Umemuuliza?"

"Nimemwandikia."

"Nimesema... umemuuliza?"

Mwatima akamvutia mama yake shuka. Lakini kesho yake alivaa mtandio, akaenda kwanza kwa ami. Kumaliza la posa kulikuwa juu yake, si juu ya Zahor.

Alimkuta ami uani, na si peke yake. Zahor alikuwa amesimama mbele yake, ndevu hazijanyolewa, shati limekunjamana.

"Ami," Mwatima alisema kabla woga haujamkuta, "shikamoo. Siku ile sikukubali. Mimi nilishaolewa nikaachwa. Kunyamaza ni jibu la mwali. Mtu kama mimi lazima atamke, na wewe uliyenifundisha dini unalijua hilo. Sikutamka."

Muhidini alikuna kofia yake. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka. "Ni kweli," alisema mwishowe. "Ni kweli. Nilifurahi nikasahau. Na huyu naye amekuja kuirudisha posa."

Mwatima alifika pale ili posa ivunjike. Sasa ilikuwa imevunjika, wala hakufurahi.

"Unairudisha?"

"Narudisha maneno ya mama," Zahor alisema. "Yangu bado sijayasema."

"Lakini kuchoka kwangu ulimwambia wewe!"

"Nilimwambia mimi. Nilisema umechoka, natamani upumzike; posa akaileta mwenyewe nikiwa baharini. Ni kosa langu, Mwatima. Nilidhani nakuhurumia, kumbe nimekusemea. Mtu anayekesha kwa ajili ya kitu chake, mimi nani nimpangie kukiacha?"

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza. Kila siku nilikuuliza mambo ya watu wengine, mashahidi na manahodha. La kwako sikukuuliza hata moja."

Ami alijifanya anamtafuta kuku. Mwatima alitazama vidole vile vya grisi vikipindapinda ukingo wa shati, hasira ikamtoka, ikaacha uchovu na hamu.

"Usiseme lako leo," alimwambia. "Nikilisikia leo nitafeli. Niache nifanye mtihani."

"Na mchana? Nisikusikilize?"

Akatoa simu, akaifungua namba aliyoizuia. "Kesho. Mikataba. Uje na maswali magumu."

Walifika hadi siku ya safari bila kugusa jambo lenyewe. Mitihani ilikuwa Dar es Salaam; boti ya kwenda Nyamisati, upande wa bara, iliondoka asubuhi. Na asubuhi hiyohiyo binamu yake aliyeahidi kukaa na mgonjwa alipiga simu kusema mtoto wake ana homa, haji.

Mwatima alimwandikia Zahor kwamba haendi tena, akakaa juu ya begi lake lililokwisha fungwa. Hakulia. Alianza kulifungua.

Mlango ukabishwa. Bi Bimkubwa aliingia na kikapu cha vyakula, bangili zote zimevuliwa.

"Zahor kaniambia. Safari hii nimemwambia aseme sawasawa." Aliweka kikapu chini, akamtazama Mwatima kwa ukali. "Mimi sijapenda ulivyotutia aibu, ujue. Lakini mama yako mgonjwa, na mimi najua kumhudumia mgonjwa. Nenda kwenye hizo karatasi zako kabla sijabadili nia."

"Bi mkubwa, sijui..."

"Boti haikungoji. Nenda!"

Alikwenda. Bandarini Zahor alimpokea begi, akalipandisha botini, akashuka bila kusema lake, kama walivyokubaliana.

Kesho yake, chumba cha mtihani kilikuwa na feni moja na watu wengi. Swali la kwanza alilitazama bila kuandika, la pili pia. La tatu akasikia sauti inamuuliza, *kama sikuijua, lakini ningeikagua ningejua?* Kalamu ikaanza kukimbia.

Alipotoka jua lilikuwa kali, wanafunzi wamejaa uwanjani wakibishana majibu. Alijipenyeza hadi ukutani, akawasha simu, akampigia Zahor.

"Mama yako amekula," Zahor alitangulia kusema, duka likivuma nyuma yake. "Yeye na mama yangu wanagombana kuhusu chumvi. Nusra yuko hapa, anauza plagi. Vipi?"

"Zahor, nisikilize, nikinyamaza sitasema tena. Mama yangu tutakaa naye. Kazi siachi, na shahada namaliza. Alfajiri ni yangu, usinisemeshe. Kama unayaweza hayo, nioe."

Akasikia kitu kinaanguka, mteja anacheka, na Zahor anasema kwa sauti iliyopasuka:

"Nayaweza. Wallahi nayaweza! Sema tena."

"Sisemi tena. Mchana huu nahitaji utulivu."

"Wa nini, mke wangu?"

"Bado si mke wako," Mwatima alisema, akifuta macho kwa ncha ya mtandio huku tayari anafungua kitabu kwa mkono mwingine. "Kata simu. Nina karatasi nyingine saa nane."