Gamba Lenye Mwenyewe

Nianze na kosa langu, maana Mungu analijua tayari na wewe hulijui. Nilisema uongo wa neno moja. Nilisema, "Tupu."

Aliyeniuliza ni dobi mkuu wa hospitali tuliyofanyia kazi, mzee tuliyemwita Povu. Zilibaki wiki sita astaafu. Kila asubuhi tulikatiza ufukweni kwenda kazini, naye akiinama kila baada ya hatua mbili: kipande cha chupa kilicholainika, kijiti cheupe, kifungo. Alimwahidi mkewe kwamba akistaafu watakuwa wakiokota wawili mpaka madirisha yajae.

"Bahari ni dobi mwenzangu, Mama Pacha," aliniambia. "Hufua kitu mpaka kinasahau kilikuwa cha nani."

Sharti lake lilikuwa moja tu: gamba lenye mwenyewe halichukuliwi. Kila mara alikuwa akilipindua, akitia kidole cha mwisho mpaka ndani, ndipo aliweke mfukoni. Lakini siku hiyo vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa dawa ya madoa, amevifunga bendeji, na miwani ameisahau nyumbani. Akanipa gamba la konokono wa bahari, kubwa kama ngumi.

"Nitazamie. Lina mwenyewe?"

Mdomoni mwa gamba mlikuwa na ute mweusi, mzito kama makohozi ya mgonjwa wa kifua. Kidole changu kilikataa.

"Tupu, mzee. Twende, tumechelewa."

Akaliweka dirishani mwa chumba cha kufulia.

Kesho yake shuka lilitoka mashineni na mstari wa ute, kama njia ya konokono. Tulilirudia mara tatu kwa maji ya moto. Mstari ukazidi kung'aa. Pua ya dobi wa hospitali haishtuki ovyo. Tumefua damu, usaha na vingine nisivyovitaja mbele ya mtu mwenye heshima zake. Lakini harufu ile ilikuwa ya kitu kilichooza huku bado kinaishi. Nilitapika kwenye ndoo ya sabuni.

Muuguzi mkuu akaja amelishika shuka kwa ncha za vidole. "Povu, unafua au unachemsha supu? Wagonjwa wangu wamekataa kulala!"

"Basi wamepona, waruhusu," akajibu mzee, tukacheka. Lakini alikuwa anajikuna sikio la kushoto, na kucha zilirudi zimelowa.

Wiki haikuisha, mkewe akanifuata kazini, akanivuta nyuma ya kamba za kuanikia.

"Mwenzangu," alinong'ona, "foronya inagandana na shavu lake. Nikimwita, anajibu mwingine."

"Mwingine nani?"

"Sijui. Ananiambia nipunguze sauti, eti yeye ni mgeni, amehamia juzi."

Daktari alilisafisha sikio, akatoa mchanga, kijiko kizima. Ndipo mkewe, mama wa watu, akamleta mtu wa dua kazini, mchana kweupe, mashine tumezizima, sote wa chumba cha kufulia tumesimama ukutani. Akaanza kuomba, na alivyozidi kuomba ndivyo harufu ilivyozidi, mpaka nikaionja ulimini, na sikioni mwa Povu kikachomoza kitu cha kijivu, laini kama ulimi, chenye vipembe viwili vyenye macho kwenye ncha, kikawa kinapapasa taya lake na kuacha ute hadi pembe ya mdomo, huku mzee amefumba macho akilia kama mtoto, "Kitoeni, jamani, kitoeni," na sauti ya majimaji, isiyo yake, ikasema kwa utaratibu kabisa:

"Nyumba yangu ilishuhudiwa kuwa tupu. Aliyeshuhudia aseme kweli mwenyewe, nitatoka."

Mtu wa dua akatugeukia. "Nani alishuhudia?"

Povu hakunitaja. Aliniangalia tu. Mimi nikaangalia sakafu, kwa kuona aibu mbele ya wenzangu, mimi niliyezoea kuongoza sala ya asubuhi pale pale. Hilo ndilo kosa la pili, na linaniuma kuliko la kwanza. Siku nne nzima nilikunja mashuka nikijua mzee wa watu anatambaliwa kichwani.

Siku ya tano nilikwenda kwake, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, sikutia kidole. Niliona kinyaa. Gamba lile lina mwenyewe."

"Nilijua," akasema taratibu. "Ulijibu upesi mno."

Sikio likafunguka. Ute ulimwagika ukajaa beseni, mweusi kwanza, kisha wa kijivu, na mkewe akawa anashika kichwa chake huku anamshukuru Mungu na kutapika kwa zamu. Povu alistaafu kwa tarehe yake. Siku hizi wanatembea ufukweni wawili, mke upande wa kulia, maana kushoto hasikii. Hawaokoti kitu.

Gamba lililobaki dirishani nililirudisha mimi, nikaingia majini mpaka magotini. Kabla ya kuliachia nilitia kidole, mpaka mwisho, nikazungusha. Safari hii lilikuwa tupu kweli.

Hiyo ilikuwa Jumatatu ya wiki hii. Tangu juzi foronya yangu inagandana na shavu, na pacha wangu wananiuliza nimekanyaga nini.

Wewe macho yako bado mazima. Shika tochi hii, nichungulie sikio la kushoto. Nakuomba, usione kinyaa, na usinijibu upesi.