Mtandao Ufike Chumbani kwa Bi Nusaiba

Ngo! Ngo! Ngo!

Nyumbani kwa Shaaban, Kilwa Masoko, siku huanza kwa mlio huo. Si saa, wala si kengele. Ni mama yake, Bi Nusaiba, anagonga kikombe cha bati kwa kijiko. Sauti yake imekwisha kwa uzee. Kijiko ndicho kinachomwitia watu.

"Abee mama, nakuja!" huitika Ziada, mke wa Shaaban, mikono imejaa unga wa vitumbua. Humpa chai. Humgeuza. Humfunga kilemba. Ndipo huenda kumwandaa binti yake, Warda, aende shule.

Miezi minne nyuma, Bi Nusaiba alianguka. Siku ile Ziada alikuwa sebuleni, kwenye somo lake la kompyuta. Alikuwa anasomea cheti cha ualimu wa watoto wadogo, na masomo yote yalikuja kwa intaneti. Bi Nusaiba aligonga kijiko, hakusikika. Akainuka mwenyewe kufuata maji. Akaanguka, nyonga ikavunjika. Tangu hapo hainuki bila kushikwa.

Ziada hakujisamehe. Aliapa kwamba hatasoma tena mbali na mama mkwe wake. Kazi ikawa moja: mtandao haukufika chumbani mle.

Nyumba yao ina sehemu mbili. Ya mbele ni ya zamani, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene, kama urefu wa mkono kutoka vidole hadi kiwiko. Ya nyuma Shaaban aliiongeza kwa matofali. Katikati kuna ukumbi mrefu. Waya wa intaneti uliingilia sebuleni, mbele. Chumba cha Bi Nusaiba kiko mwisho kabisa, nyuma. Hata bando la simu mle ndani lilikuwa la kubahatisha.

Na mtihani wa mwisho ulikuwa Jumamosi. Mtihani wa kuonana uso kwa uso kwenye kompyuta, saa nzima. Chuo kilisema wazi: mtandao ukikatika zaidi ya dakika mbili, mtihani umefutwa. Kurudia ni mwakani.

"Usihofu, Mama Warda," alisema Shaaban. Yeye ni mfanyabiashara wa ufuta, na siku hiyo alikuwa anakwenda Lindi mjini. "Nakuletea rauta ya kufika hadi baharini."

Akarudi Jumatatu na boksi kubwa. Ndani mna rauta nyeusi, antena nane zimesimama juu. Mtaa mzima alikwisha upigia simu njiani. Akaipeleka kwanza kwa mama yake akaione.

Bi Nusaiba aliitazama, akakunja uso. "Shaaban mwanangu, pweza huyu mbona hujampika?"

Ziada alicheka hadi akashika ukuta. Jina likashika hapohapo. Rauta ikaitwa Pweza.

Shaaban hakucheka. Alisoma maandishi ya kwenye boksi kwa sauti: "Masafa marefu! Mita mia tatu! Nyumba yetu haifiki hata mita thelathini." Kisha akafanya kile ambacho kila mwenye nyumba mwenye kitu cha thamani hukifanya. Akaichomeka kwenye waya wa intaneti, akaiweka kwenye kabati la vioo sebuleni, katikati ya masinia na hotipoti za harusi. Akaifunika kitambaa cheupe cha kufuma, alichokifuma Bi Nusaiba mwenyewe enzi macho yanaona. Akafunga kabati kwa ufunguo, ufunguo akatia mfukoni.

"Vumbi haligusi, mtoto hagusi, mgeni hagusi," alisema.

Jumanne ilikuwa siku ya kujaribu mitambo na chuo. Ziada aliketi pembeni ya kitanda cha Bi Nusaiba, kompyuta magotini. Alama ya waifai ilionyesha mistari miwili. Akashukuru Mungu. Msimamizi akatokea kwenye kioo, akasema, "Habari, Bi Zi..." Basi. Picha ikaganda, mdomo wazi. Ikarudi. Ikaganda tena. Mara ya tano msimamizi alituma ujumbe: "Dada, kwa hali hii Jumamosi hatutaweza."

Jioni mume na mke walishikana maneno ukumbini.

"Fanyia sebuleni siku hiyo moja tu," alisema Shaaban. "Saa moja! Mama atakaa na Warda."

"Siku ile pia ilikuwa saa moja, Baba Warda. Mtoto wa miaka tisa atamshika mama akiteleza? Sirudii. Mtihani nitaufanya, na nitaufanyia mle ndani."

"Basi unataka nibomoe ukuta?"

"Kama ndio dawa, lete nyundo."

Asubuhi ya Jumatano kijiko hakikulia. Ziada alingoja. Vitumbua vikaiva, bado kimya. Akakimbia chumbani, akamkuta Bi Nusaiba macho wazi, midomo imekauka. Kikombe kiko sakafuni. Kijiko hakionekani. Ziada aliinua mto, akakikuta chini yake.

"Mama! Mbona hukugonga?"

Bi Nusaiba alinong'ona, "Niliwasikia jana. Mimi ndiye ninayekukwamisha. Nenda kasome sebuleni, mwanangu. Mie nitavumilia kiu."

Ziada alimnywesha maji huku machozi yanamtoka. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Akakirudisha kijiko mkononi mwa mama mkwe wake, akamfumba vidole akishike.

"Hiki hukiachi," alisema. "Na mimi mtihani siuachi. Utaniona."

Akavaa ndala, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake Rosemary. Rosemary ni mwenyeji wa Newala, fundi wa mitandao. Kazi yake ni kufunga intaneti kwenye maofisi na nyumba za wageni. Kwa nini hakumwendea mapema? Kwa sababu Shaaban alisema, "Mambo ya rauta nayajua." Haya, yakamshinda.

Rosemary alifika mchana na mkoba wa vifaa. Akaanza kwa Bi Nusaiba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona pweza?"

"Nimekuja kumwona na kumsikia pia," alisema Rosemary. Akageuka kwa wenye nyumba. "Shemeji, kabla hujanunua, uliipima nyumba? Ulihesabu kuta?"

Shaaban alikuna kichwa. "Nilihesabu antena."

"Ndipo wengi tunapokosea. Antena nane si lazima zifike mbali kuliko mbili. Na mita za kwenye boksi ni za uwanja mtupu. Uwanjani hakuna ukuta wa matumbawe."

"Lakini kule chumbani mistari miwili inaonekana," alisema Ziada. "Mtandao unafika, kisha hauendi. Ni nini hicho?"

Rosemary alitabasamu. "Swali zuri. Shemeji, nenda kasimame sebuleni pale kabatini. Mwite mama kwa nguvu. Mama Warda, wewe kaa na bibi."

Shaaban akaenda, Rosemary nyuma yake. Sauti yake ni kubwa, ya mtu wa mnadani. "Mamaaa! Unanisikia?"

"Nakusikia," alijibu Bi Nusaiba kitandani.

"Mamaaa! Unanisikia?"

"Nakusikia, mie si kiziwi!"

"Mamaaa! Mbona hunijibu?"

Ziada alitoka mbio hadi sebuleni, anacheka. "Amekujibu mara mbili! Sasa amenuna."

"Umeona?" alisema Rosemary. "Rauta ni wewe, shemeji, una sauti kubwa. Simu na kompyuta ni bibi. Zina sauti ndogo. Rauta ya masafa marefu inaweza kupiga kelele hadi chumbani, ndiyo maana mistari inaonekana. Lakini kompyuta lazima ijibu. Jibu lake likifia ukutani, hakuna mazungumzo. Ukinunua rauta, usiulize tu inafika wapi. Uliza pia kama simu yako itaweza kuijibu kutoka huko."

Shaaban akasema polepole, "Kwa hiyo hata ningenunua yenye antena ishirini..."

"Ungekuwa na pweza mkubwa zaidi."

Rosemary akaomba ufunguo wa kabati. Shaaban akautoa, shingo upande. Mlango ukafunguliwa. Rosemary akagusa kitambaa, akavuta mkono haraka.

"Gusa mwenyewe. Jamani, kitaungua hiki!"

Rauta ilikuwa moto kama pasi.

"Kitambaa hakizuii sana mawimbi," alieleza. "Ila kinazuia hewa. Chombo kikipata joto, kinachoka. Kinachozuia mawimbi ni masinia haya, hotipoti hizi, na kioo hiki cha nyuma ya kabati. Chuma na kioo cha kujitazamia vinayarudisha nyuma. Rauta hukaa wazi, juu, mahali pa katikati. Haifichwi."

Akaichomoa, akaiweka juu ya stuli ukumbini. Waya mrefu aliokuja nao akauunganisha hadi kwenye kiboksi cha sebuleni, pale waya wa intaneti unapoingilia. Kisha akampa Ziada simu yake, imewekwa programu ya kupima nguvu ya mtandao.

"Tembea chumba hadi chumba. Funga mlango, usimame, niambie."

Ziada alitembea. Jikoni, safi. Chumbani kwake, safi. Kwa Warda, safi. Kwa Bi Nusaiba ilikuwa afadhali, lakini akifunga mlango inayumba.

"Imebaki kidogo," alisema Ziada. "Kidogo hicho ndicho kitakachonifelisha. Nifanyeje?"

Rosemary alimpenda kwa neno hilo. Wateja wengine wangesema inatosha.

"Kwa nyumba ya kuta kama hizi, usitafute rauta moja ya kupiga kelele. Tafuta mbili ndogo za kusaidiana. Huuzwa pamoja, zinatumia jina moja na neno la siri moja. Moja inakaa hapa ukumbini. Ya pili inakaa nje ya mlango wa bibi. Simu inajishika yenyewe kwenye iliyo karibu. Na tukizipitishia waya kati yake, ukuta hauna la kusema."

"Zina antena ngapi?" aliuliza Shaaban.

"Hazionekani kabisa, shemeji. Zimo ndani."

Shaaban akaguna. Alikuwa amekwisha mtangaza Pweza mtaa mzima! Akamtazama mkewe, akautazama mlango wa mama yake. Ukumbini pale walisikia, ngo, ngo, Bi Nusaiba anataka ageuzwe. Shaaban akaenda mwenyewe kumgeuza. Alipotoka, simu ilikuwa sikioni.

"Habari, bosi wangu. Ile rauta ya Jumatatu... ndiyo. Boksi lipo, risiti ninayo. Nataka kubadilisha."

Mwenye duka alikubali, kwa kuwa risiti ilikuwepo na boksi halikuchanika. Alhamisi Pweza alipanda basi kurudi Lindi. Ijumaa asubuhi basi lilishusha kifurushi kwenye njia panda ya Nangurukuru, Shaaban akakifuata kwa pikipiki. Baada ya sala ya Ijumaa, Rosemary alikuwa juu ya ngazi, anapigilia waya ukutani. Alifunga na betri ndogo kila penye chombo.

"Ya nini tena?" aliuliza Shaaban.

"Umeme ukikatika, kompyuta ina betri yake. Rauta haina. Wengi hulisahau hilo."

"Na kasi itaongezeka?"

"Hapana, nisikudanganye. Kasi ni ile unayoilipia kila mwezi. Rauta kazi yake ni kuigawa ifike kila chumba."

Bi Nusaiba alitaka kujua kitambaa chake kimekwenda wapi. Ziada alikitandika kwenye meza ndogo ya pale chumbani, juu yake akaweka kompyuta. Bibi akaridhika.

Jumamosi, saa tisa alasiri, Ziada alijifunga ushungi mweupe. Akaketi, mgongo umenyooka. Bi Nusaiba alikuwa kitandani, hatua mbili, kijiko mkononi. Msimamizi akatokea, akasema, "Habari, Bi Ziada." Jina lote likafika.

Maswali yakaanza. Mtoto anayekataa kucheza na wenzake, utamsaidiaje? Utafundishaje kuhesabu bila vitabu? Ziada alijibu. Alitaja mbegu za ufuta, vifuu na kokoto. Msimamizi akawa anaandika.

Dakika ya arobaini, feni ikazunguka polepole, ikasimama. Umeme umekatika! Ziada akatazama kioo. Msimamizi alikuwa bado anaongea, mdomo unacheza, sauti iko palepale. Nje ya mlango taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka.

"Umenisikia swali, Bi Ziada?"

"Nimekusikia, mwalimu," alisema Ziada, na akajibu.

Ulipotimia muda, msimamizi alisema, "Jumanne nilikukatia tamaa. Umefanyaje?"

"Niliuliza anayejua," alijibu Ziada.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi. Ziada alikuwa amekaa palepale, anamchanua mama mkwe wake. Simu ikalia. Akasoma mara moja. Akasoma tena. Akamwonyesha Bi Nusaiba simu, na Bi Nusaiba hajui kusoma wala haoni vizuri.

"Ndiyo au siyo?" alinong'ona bibi.

"Ndiyo, mama. Nimefaulu. Mwanao ni mwalimu."

Bi Nusaiba hana tena pumzi ya kupiga vigelegele. Akanyoosha mkono, akachukua kikombe cha bati.

Ngo! Ngo! Ngo! Ngo! Ngo!

Shaaban alikuja mbio kutoka ukumbini, ndala mguu mmoja. Warda nyuma yake. Rosemary alisikia kutoka uani kwake, akaacha kufua.

"Kuna nini, mama? Unataka nini?" alihema Shaaban mlangoni.

"Sitaki kitu," alisema Bi Nusaiba, na akaendelea kugonga.