Kipaumbele cha Kwanza cha Mayala

Soko la Mwabulambo, pale Kahama, halikuwa na choo. Lilikuwa na mchele, dagaa, vitenge, majembe na dawa za ng'ombe, lakini choo hakuna. Mwanaume akibanwa alizunguka nyuma ya ghala. Mwanamke alijikaza, au alivuka barabara ya malori akaombe gesti.

Siku aliyokutana na Mayala, Zipora alikuwa anaiwahi hiyo gesti. Aliingia mbio kwenye karakana ya mageti, gauni la kitenge cha kijani limemkaa mwilini, rasta amezifunga juu ya kichwa.

"Shikamoo kaka! Niangalizie banda langu, lile la vitenge!"

Mayala alivua miwani ya kuchomelea. "Shikamoo ya nini, nimezeeka?"

"Ukiniangalizia utakuwa kijana. Nakuja!"

Aliporudi alimkuta amekaa katikati ya vitenge, mikono myeusi, meno yote nje.

"Nimekuuzia kimoja, dada. Mama mmoja alilia bei, nikamhurumia."

Alipotajiwa bei aliyouzia, Zipora alijitupa kwenye kigoda akacheka mpaka machozi. "Wewe biashara huiwezi. Kagombee udiwani, huko ndiko wanakogawa mali za wenzao."

Yeye alitania. Mayala alilala na neno hilo. Mwanamke mzuri vile kukatiza mbele ya malori, kisa hana pa kujisitiri! Chama kilipofungua fomu, alichukua. Kufikia hapo walikuwa wanapigiana simu kila jioni.

"Mheshimiwa, umekula?"

"Nimekula ugali na sauti yako. Mboga sijaiona."

"Muongo! Unanuka chuma mpaka kwenye simu."

"Na bado umeipokea."

"Nimezoea vibaya, mpenzi. Lete washenga kabla sijapona."

Washenga walikwenda, wakiongozwa na Wilbard, rafiki yake ambaye ndiye pia aliyesimamia kampeni. Posa ikapokelewa. Kuanzia siku hiyo Mama Zipora, muuza dagaa wa soko lile lile, akawa mama mkwe. Na kwa Wasukuma ukwe si mchezo. Mayala akimwona mbele, anabadilisha njia. Hamtazami usoni, hali mbele yake. Choo kimoja hawatumii mpaka kufa, na hata neno lenyewe halitamki mama mkwe akiwa karibu.

Vipaumbele vyake vilikuwa vitatu: choo cha soko, mitaro ya maji ya mvua, na taa za barabarani.

"Mpinzani wetu ana maduara, mashimo ya dhahabu kule Geita," Wilbard alilalamika. "Anaahidi lami mpaka kwenye mazizi. Wewe unawaletea watu choo?"

"Hakuna aliyekosa lami tangu asubuhi akabana miguu."

Mkutano wa kwanza sokoni ulijaa. Mayala alipanda kwenye pikapu, shati jeupe, kipaza sauti mkononi, akanoga.

"Kipaumbele cha kwanza, choo! Mama zetu hapa hawanywi maji kutwa nzima. Wanakaa hivi!" Akabana magoti, akanyonga kiuno, akakunja uso. Watu wakavunjika mbavu.

Ndipo alipoona kigoda cha mstari wa mbele. Mama Zipora alivuta khanga akafunika uso, akainuka, akaondoka bila kugeuka. Kicheko kilikatika kama umeme.

Jioni ile simu iliita, na hakukuwa na "mheshimiwa".

"Umemvua mama nguo mbele ya soko zima."

"Zipora mpenzi, sikumwona!"

"Soko ni lake, ulidhani atakuwa wapi? Wajomba wamekaa, wamekutoza faini ya kumvunjia mama heshima. Wanasema ukilitaja tena lile jambo jukwaani, barua yako ya posa inarudi. Na mimi siwezi kuwabishia."

"Nikinyamaza utavuka mbele ya malori mpaka lini?"

"Mpaka nitakapoolewa na mtu mwenye adabu," alisema, akakata.

Hiyo wiki Mayala alichomelea geti moja akalikosea mara mbili. Wilbard alimwambia achague: mke, au choo. 

Mkutano wa mwisho ulifika. Alipanda pikapu, amekonda. Alisema mitaro, wakapiga makofi. Alisema taa, wakapiga tena. Kisha akakwama. Mdomo ulifunguka, ukafungwa. Kwa mbali, kwenye meza ya dagaa, aliiona khanga anayoijua. Watu walianza kunong'ona. Ilionekana kama yule wa lami ameshashinda pale pale.

Pikapu ikatikisika. Zipora alikuwa amepanda, lile lile gauni la kijani, akamnyang'anya kipaza sauti.

"Mchumba wangu amekwama kwa adabu," alisema. "Mimi ni mtoto wake yule mama pale, naruhusiwa kulitaja. Choo! Jana nimempelekea mama yangu chai, ameimwaga. Si kwamba hana kiu. Akina mama, nani amekunywa maji leo? Anyooshe mkono!"

Haukunyooka hata mmoja. Kisha vigelegele vikalipuka upande wa wauza nyanya.

Mama Zipora alisimama kwenye dagaa zake. Akamgeuzia Mayala mgongo kama inavyotakiwa, akapaza sauti kwa bintiye.

"Zipora! Mwambie huyo mwanaume faini yangu iko pale pale. Mbuzi, tena mnene. Na doti mbili za kitenge."

"Amesikia, mama!"

"Na mwambie hilo jengo la wanawake liangalie kaskazini. Karakana yake iko kusini!"

Soko likalala chini kwa kicheko. Mayala alifuta jasho. "Mwambie mama yako nimekubali," alimnong'oneza Zipora.

"Na mimi?"

"Wewe nilishakukubali ulipopata hasara ya kitenge."

Alishinda. Harusi ilifanyika kabla ya mavuno, na choo kikafuata. Siku ya uzinduzi Mayala alijifungia karakanani, maana mama mkwe ndiye aliyechaguliwa kukata utepe na kuingia wa kwanza. Alisikia ngoma kwa mbali. Simu ikaita, ni Zipora.

"Baba, mama ameinuka, anaelekea..."

"Usiniambie!" Akaitupa simu kwenye rundo la vyuma.

Faini ya mbuzi aliilipa. Doti mbili alizinunua bandani kwa Zipora, na mkewe hakumpunguzia. Kioo cha simu kilipasuka. Na kati ya watu wote wa Mwabulambo, diwani wao peke yake ndiye hajakiona kile choo kwa ndani wala kwa nje, wala hatakiona.