Maurine Hayuko kwa CPA

"Mama, nimeangalia orodha yote. Maurine hayuko kwa CPA. Hajawahi kuwa!"

Wapendwa, nikamwinamia huyo karani wa chuo juu ya meza yake...

Miezi minane! Miezi minane nasuka watu nywele Kenyatta Market mpaka vidole vinakufa ganzi, nikijua binti yangu yuko chuoni Ngara anasomea uhasibu, hiyo CPA.

"Angalia tena, baba. Maurine Wesonga."

"CPA hayuko, mama."

Sikungoja aangalie kwingine. Nikampigia Maurine simu. Mteja hapatikani!

Sasa kila asubuhi akitoka nyumbani Waithaka na begi, huenda wapi? Kwa mwanaume? Tangu tumzike baba yake Busia, nimebaki na huyu tu. Nikaomba hapo kwa ngazi: Bwana, hata kama ni mimba, nirudishie akiwa mzima!

Mara mlango wa darasa la chini ukafunguka. Akatoka... Maurine!

"Mum?!"

"Umenidanganya!"

"Mum, pole pole, watu wanaangalia."

"Waangalie! Kama si CPA, unasoma nini?"

"ATD. Ile diploma ya uhasibu ya wanaoanzia chini."

"Na uliniambia..."

"Ni wewe ulisema, mum! Form Four nilipata C minus. CPA wanataka C plus. Nikija kukuambia, nikapata umeshasimama kanisani umeshukuru Mungu kwa mhasibu. Pastor akaniwekea mikono. Ningesema nini?"

Nikaketi hapo kwa ngazi.

Akatoa karatasi kwa begi, machozi yakimtiririka. "Hii nayo ilitoka wiki jana."

Mimi niliishia darasa la saba, lakini neno PASS nalijua. Ngazi ya kwanza, masomo yote. Amepita!

"Nikimaliza ATD naingia CPA, mum. Hakuna atakayeuliza ile C minus. Ni vile tu njia ni ndefu."

Wapendwa, mtoto alikuwa anaficha ushindi wake kama kitu cha wizi. Kwa sababu ya mdomo wangu!

Jumapili nikasimama kanisani mbele ya watu. "Nilishuhudia jambo ambalo sikuliuliza. Maurine anasoma ATD."

Nikatoka nimeinamisha kichwa.

Nje, Mama Muchiri, yule ambaye hutuambia kijana wake anasoma CPA, karibu amalize, akanivuta kando ya choo.

"Mama Maurine... hiyo ATD wanaandikisha lini? Wangu amekaa nyumba mwaka mzima. Alipata C plain."

Mzazi, kabla hujamshukuru Mungu kwa kozi, keti na mtoto umuulize gredi.