Kikapu cha Mkono wa Kulia

Mimi nilisimuliwa tu, lakini aliyenisimulia hasemi uongo: hakuna kitu kidogo kilichowahi kuishinda mikono ya fundi simu wa mtaa ule. Skrubu ndogo kama chembe ya sukari aliiokota kwa ncha ya kidole huku akipiga soga. Simu iliyotumbukia kwenye sufuria ya mboga aliifufua. "Niletee chochote cha mikono," alikuwa akitamba, "kikinishinda, nitavaa gauni."

Gauni hakuvaa. Laiti angevaa, maana kilichompata kiliishia kwenye suruali.

Siku hiyo dada yake alimtuma zipu. Duka la vitambaa lilikuwa na punguzo la bei, watu wamejaa mpaka mlangoni, wanavutania majora ya vitambaa kama wameahidiwa zawadi. Mara kikasikika kishindo, chwaa! Kisha sauti ya mwanamke:

"Jamani, msisogee! Pini zangu!"

Duka zima likaganda. Mzee mmoja alibaki ameinua mguu, kandambili inaning'inia kidoleni. Katikati ya umati alisimama binti mwenye gauni la rangi ya chungwa, kola yake imedariziwa maua meupe madogo, kopo tupu la pini mkononi. Fundi akachomoa bisibisi yake yenye sumaku mfukoni, akapiga magoti, akaipitisha sakafuni. Pini zikaikimbilia zenyewe, zikaing'ang'ania kama nyuki kwenye mzinga.

"We kaka, ni mganga?" binti akauliza.

"Fundi simu. Ila mikono hii haichagui kazi."

"Haichagui?" Akacheka, kijishimo kikatokea shavuni. "Basi njoo Jumamosi, ghorofani juu ya duka la mikate. Nafundisha wanaoanza kudarizi. Tunaanza kikapu cha maua."

"Kikapu kimoja? Nitakimaliza kabla chai haijapoa."

"Haya, Sumaku. Tutaonana."

Jina likamganda. Zipu akaisahau dukani.

Jumamosi alikuta wanawake kumi na mmoja wamekaa duara, na kiti kimoja kinamsubiri yeye. Harufu ya mkate ilipanda kutoka chini. Mwalimu akawaonyesha: bandika karatasi yenye mchoro kwenye kioo cha dirisha, weka kitambaa juu, fuatisha kwa penseli. Kibane kitambaa katikati ya fremu mbili za duara mpaka kilie kama ngoma. Uzi una nyuzi sita ndani yake. Chambua, tumia mbili tu. Kikapu unatandika nyuzi za kusimama, kisha unafuma za kulala, juu, chini, juu, chini. Petali ni kitanzi kinachofungwa kwa mshono mmoja. Katikati ya ua, zungusha uzi mara mbili kwenye sindano, uizamishe, kinabaki kifundo.

Nani hawezi hayo? Fundi hakuweza. Nyuzi alizisukuma zote sita kwenye tundu la sindano mpaka akatokwa jasho. Kufuma akafuma juu, juu, chini, juu, kikapu kikavimba upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Kifundo kilipita kitambaa kizima, kikatokea nyuma. Mikono iliyokuwa ikitii tangu utotoni siku hiyo ilimkana mbele ya watu.

"Sumaku," mwalimu alimnong'oneza akiinama juu ya bega lake, "hilo ni ua au mende?"

"Ni ua, mwalimu. Limekanyagwa kidogo."

Utani huo ukazaa mapenzi, yakakua haraka, kikapu kikabaki nyuma. Kila jioni simu iliita.

"Haloo, kipenzi. Umefika wapi?"

"Niko kwenye mpini."

"Jana pia ulikuwa kwenye mpini."

"Ni mpini mrefu, laazizi. Nyie mnabeba nini humo?"

Binti akacheka, kisha sauti yake ikatulia. "Sikia. Nilishawahi kupendwa na mtu mwenye maneno mazuri kama yako. Maneno yalikwisha. Sasa nataka kitu ninachoweza kukishika. Siku utakayoniletea kikapu ulichokidarizi mwenyewe, tundu la kwanza mpaka la mwisho, hata kiwe kibaya vipi, siku hiyo nitakuja kumsalimia mama yako."

Hata kiwe kibaya vipi. Fundi alisikia kila neno isipokuwa hayo.

Wiki tatu akahangaika. Akafumua, akarudia, akafumua, kitambaa kikaingia weusi wa vidole. Mwisho akamwangukia dada yake, ambaye kudarizi kwake ni kama kumenya ndizi.

"Dada, niokoe. Kimoja tu."

"Na yeye atajuaje kama si wewe?" dada akauliza, sindano tayari mkononi.

"Hatajua."

Jumamosi iliyofuata alikiweka kikapu mezani. Darasa likashangilia. Kilikuwa kimekaa sawasawa, petali zimefumbuka, unatamani kuzinusa. Mwalimu akatabasamu. Kisha akafanya jambo ambalo wadarizi wote hulifanya na mafundi simu hawalijui: akakigeuza.

Mbele ya kitambaa ni kwa wageni. Nyuma ndiko mkono unakoandika jina lake.

Tabasamu likapotea. "Vifundo hivi vimezungushwa kinyume. Na nyuzi zote zimelalia upande mwingine. Aliyeshona hiki anatumia mkono wa kushoto." Akainua macho. "Sumaku, wewe unashika sindano kwa kulia. Nani huyu?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi pale, pana kama barabara. Neno moja tu, "dada." Fundi akafungua mdomo, akausikia ukisema:

"Ni mimi. Mkono wa kulia ulikuwa unauma."

Hata mikasi ilisita mikononi mwa watu.

"Mrudishie mwenyewe," mwalimu akasema polepole. "Mwambie ana mkono mzuri."

Nyumbani dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajipiga paja. "Bwege wewe! Anadhani mimi ni mkeo!"

Fundi akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Akaandika ujumbe: *Yule ni dada yangu, naapa.* Jibu likaja baada ya saa mbili: *Kila mwanamume ana dada.* Baada ya hapo, kimya. Mezani kwake kulikuwa na simu arobaini za watu, zote zinaita, na yeye ndiye aliyezifanya ziite. Ile moja aliyoitaka hakuwa na bisibisi ya kuifungua. Alikaa ameishika mikono yake mapajani, anaitazama kama mali ya mtu mwingine.

"Niende nikamweleze?" dada akauliza.

"Nikikutuma wewe tena, si itakuwa kosa lile lile?"

Dada akasema kwa upole aliouficha siku zote, "Basi ujue Jumamosi ijayo ndiyo siku ya darasa la mwisho. Nimesikia kwa muuza mikate. Jumatatu mwalimu wako anahamia kwa mama yake mdogo, mji mwingine. Atafundishia huko."

Siku sita. Fundi akadarizi asubuhi kabla wateja hawajafika, akadarizi mchana huku simu zikipoa juu ya meza. Alijichoma mpaka vidole vikawa kama kichujio. Hakufumua tena. Kilichotoka kibaya alikiacha kibaya. Jumamosi saa tano, fremu ikiwa pajani, akazamisha kifundo cha mwisho, kikakaa! Akaruka kwa furaha.

Fremu ikaruka naye.

Akaivuta. Suruali ikavuta. Alikuwa amedarizi kikapu, maua, mpini na paja la suruali yake, vyote kwa uzi mmoja.

"Kata!" dada akapiga kelele kutoka mlangoni.

"Nikikata, mpini unafumuka! Na darasa linafungwa saa sita!"

"Vua basi, uibebe!"

"Niende kwa mchumba nimebeba suruali?"

Akaenda nayo hivyo hivyo. Alipita mtaani mguu mmoja mgumu, fremu ameikumbatia pajani, watu wanamwuliza kama ameumwa na mbwa. Lakini alitembea kichwa juu, hakuona haya hata chembe, na wala hakulia. Kilichokuwa usoni kilikuwa jasho.

Mwalimu alikuwa anapanga viti. Gauni lilikuwa lile lile la rangi ya chungwa, kijishimo hakikuwepo.

"Nimekuja na kikapu," fundi akahema.

Mwalimu alitazama. Mende watano. Kikapu chenye jino bovu. Mpini uliolala kama umechoka na maisha. Akanyoosha mkono bila kutabasamu.

"Geuza nione nyuma."

"Hakigeuki, mwalimu."

"Kwa nini hakigeuki?"

"Kimeshonwa pamoja na mimi."

Mwalimu akachuchumaa, akaingiza kidole chini ya fremu, akagusa uzi, akagusa suruali. Mabega yakaanza kutikisika. Fundi akadhani analia, akataka kufa. Kumbe ni kicheko, kilichomtoka mpaka akaketi sakafuni.

"Hakuna mtu wa kukodi ambaye angeweza kufanya hivi," akasema akifuta macho. "Hakuna duniani."

"Nilisema uongo," fundi akasema, sauti haina mzaha hata kidogo. "Mara mbili. Niliona aibu kushindwa mbele yako. Mikono hii ndiyo mali yangu yote, na ilinikataa."

"Nilikwambia hata kiwe kibaya vipi."

"Sikusikia."

"Sasa?"

"Sasa nimesikia."

Mlango ukasukumwa. Dada mtu akachungulia, jasho linamtiririka, amelishika komeo kwa mkono wa kushoto. Mwalimu akautazama mkono ule, akaitazama pua yake, akaitazama pua ya fundi. Ilikuwa pua moja watu wawili.

"Kumbe kweli kuna dada," akasema taratibu.

Akachukua mkasi wake mdogo na, badala ya kukata, akaanza kuuchokonoa uzi kwa ncha, tundu moja baada ya jingine, asiuharibu mpini. "Tulia, Sumaku. Kesho mama yako atakuwepo nyumbani?"

"Atakuwepo. Na Jumatatu?"

"Mama mdogo nitampigia simu. Nitamwambia kuna mwanafunzi mmoja hajafaulu."

Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa na huyo rafiki yangu fundi, na nimeandika kama nilivyopewa, bila kuongeza wala kupunguza.

"Rafiki yako yupi?"

Sikumsikia akiingia. Amesimama nyuma ya kiti changu, kikombe cha chai mkono wa kushoto, anasoma.

"Eti kichwa juu! Eti jasho! Si mimi niliyekuwa nyuma yako nakupa leso? Ulilia kuanzia kwa kinyozi mpaka kwa muuza mikate."

"Dada, hii ni hadithi ya mtu mwingine."

"Sawa. Kama ni ya mtu mwingine, simama nione matundu ya sindano kwenye paja la suruali hiyo."

Ndiyo maana mstari huu wa mwisho nauandika nikiwa nimekaa.