Dirisha Lililozibwa

“Laki nane silipi mpaka huo ukuta wako unyamaze!” mwenye duka alimfokea rafiki yangu, fundi mwashi, mbele ya wateja.

Mimi sina kawaida ya kutia chumvi. Duka lile kuukuu la vitambaa lilikuwa likiongezwa chumba nyuma huku biashara ikiendelea. Rafiki yangu aliziba kwa mawe dirisha la zamani la kuuzia. Aliyemfunza kazi alimwonya asizibe tundu lolote bila kuuliza kwanza kama kuna mtu, lakini siku ile aliogopa kuchekwa na wateja. Kesho yake ukuta ukaanza kugongwa kwa ndani, ko, ko, ko, kama sarafu juu ya mbao.

“Panya hao, mzee.”

“Panya gani anayebisha hodi, wewe?”

Mara mbili aliubomoa, hakukuta kitu ila mawe yake, akaujenga upya kwa gharama yake. Mara ya tatu, jiwe la kwanza lilipotoka, nyuma yake palikuwa na giza tupu. Akaingiza kichwa. Dukani watu walikuwa wakibishana bei. Ile ko, ko ya sarafu ikaanza tena, kisha ikanyamaza karibu na sikio lake.

“Nimesimama sana,” sauti ya mwanamke ikasema. “Nipe chenji yangu.”