Nilimpeleka Kanisani kwa Pijo Langu

Nina miaka thelathini na nne, nasimamia mashine ya kusaga nafaka hapa Kizwite, Sumbawanga, na sijaoa. Msinionee huruma haraka, wasomaji wenzangu. Someni kwanza, halafu mtaniambia kama naistahili!

Tangu utotoni napenda magari, na siyo haya ya siku hizi yanayofanana kama mayai. Mimi nayataka ya zamani, yenye sura. Nilipoliona Pijo 504 limetelekezwa uani kwa mzee mmoja njia ya Kasanga, kuku wakitagia kiti cha nyuma, moyo uliniruka... Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akaniuliza kama nanunua gari au banda la kuku.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Anastazia, niliyezoea kumwita Ana, fundi cherehani wa Milanzi. Ana ni mpole, lakini akicheka anasikika mtaa wa pili. Tulikubaliana nipeleke posa kwa baba yake, mkulima wa ulezi kule Matai, baada ya mavuno. Mimi nikaleta masharti yangu... Nifike kwa wakwe nimepakiwa kwenye bodaboda kama gunia? Hapana! Nitaingia na Pijo linang'aa, wazee wasimame. Ana akasema sawa, atangoja.

Mavuno yakapita, gari halijawaka. Yakapita mengine. Nikipata kipuri kutoka Tunduma, kingine kinakufa. Leo kabureta, kesho gasketi. Likiwaka, linazima kwenye mwinuko wa kwanza. Ana akiniuliza, namjibu bado kidogo tu. Siku moja aliniambia kwa upole kwamba baba yake anaoza binti, hapokei gari. Nilicheka, nikarudi chini ya injini. Baada ya hapo simu zake zikapungua, nami nikashukuru kupata nafasi ya kupiga rangi. Mnaniona nilivyokuwa?

Mashine haipumziki siku za kazi, kwa hiyo gari lilibakiwa na Jumapili. Kanisani nikaacha kwenda. Nilijiambia Mungu anaelewa.

Nina rafiki, Deo, tuliyesoma naye na aliyenisaidia kulisukuma Pijo mpaka viatu vikamwishia. Alikuja Jumapili moja nikiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Alisimama kando ya gari, akaniita jina langu kwa woga, "Kasi, ile harusi ya Jumamosi... tunaomba gari lako limbebe bibi harusi. Ukikataa nitaelewa kabisa."

Sikuuliza harusi ya nani! Niliuliza kama njiani kuna vumbi. Gari lilikuwa limeanza kutulia, na hamu yangu ilikuwa mji mzima ulione. Nikamwambia nitaendesha mwenyewe, maana usukani wangu hashiki mtu. Deo akaniinamia, akanishika mguu, akasema Mungu anibariki. Nikashangaa... baraka zote hizo kwa sababu ya gari?

Wiki ile wateja mashineni waliniangalia kwa namna. Mama mmoja akaniambia, "Pole mwanangu, jikaze." Nikamjibu asante mama, tatizo lilikuwa kabureta na limekwisha!

Jumamosi nililipamba kwa maua, nikaenda saluni nilikoelekezwa. Bibi harusi akaingia nyuma, shela limemfunika uso, msimamizi wake akamfuata. Mimi nimekazana kuwaambia gauni lisiguse grisi ya mlangoni. Ndipo bibi harusi akasema, "Ahsante, Kasi. Sikutegemea ungekubali."

Sauti ile... Nikageuka. Ana!

Nilimuuliza anaolewa na nani. Alinitazama kama mtu anayetaniwa vibaya.

"Na Deo. Kasi, tumetangazwa Jumapili tatu, kwenye parokia yako! Kila mara waliuliza mwenye pingamizi. Nilikuwa natetemeka, nikisubiri usimame. Ulivyonyamaza, tukajua umeturuhusu."

Nilimwambia nilikuwa chini ya gari.

Alilia, msimamizi akawa anamfuta wanja huku akinifokea niondoe gari, padri anangoja.

Nikawasha. Ndugu zangu, gari lile lililonizimia kwenye kila mwinuko... siku hiyo niliomba lizime! Niliwaita watakatifu wote ninaowakumbuka. Lizime tu, nipate nafasi ya kumwomba msamaha! Lilipanda kilima likinguruma taratibu, halikukohoa hata mara moja. Vigelegele njia nzima. Mtaniuliza mbona sikukanyaga breki. Ningekanyaga, halafu nimwambie nini? Bado kidogo?

Deo alinisaliti, nasema wazi! Mchumba wa rafiki haolewi na rafiki. Lakini usiku nikimlaani nakumbuka alivyokuja na woga wake, akazungumza na miguu yangu.

Tulipofika kanisani wazee walisimama kweli, kama nilivyoota. Baba yake Ana akaja mwenyewe kumfungulia bintiye mlango. Nikasema, "Shikamoo, baba." Akaitikia, akapapasa boneti, akasema, "Ahsante, dereva. Gari zuri sana."

Dereva! Hakunijua. Angenijuaje?

Sasa Pijo lipo uani kwangu. Sijaliwasha tangu siku ile, na kuku wa jirani wameshalizoea. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mimi nilimkuta, tena nikampeleka mwenyewe!

Nawasihi, wenye gari mnalolipenda, shamba, nyumba isiyokwisha, chochote... kama kuna mtu anakungoja, nenda. Nenda hata kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Baba yake atakukaribisha kiti, atakuuliza jina lako na la baba yako. Mimi hajawahi kuniuliza.